Swali la 14

Fomu ya kwanza niliyoijaza katika kazi ya utafiti ilinichukua dakika 12 tu, na nikarudi nyumbani nimefurahi. Ilikuwa 2012, Kibokoni, Mombasa, baada ya swala ya Alasiri. Niliyemhoji alikuwa rafiki wa marehemu babangu tangu ujana wao, mzee aliyestaafu ukarani wa kuhesabu mizigo bandarini Kilindini. Namwita ami, kama ninavyowaita wote wa rika la babangu walionipakata nikiwa mdogo. Alikuwa ameketi barazani kwake, kanzu imenyooka, kofia ya vito kichwani, akajibu kila nililomuuliza kwa upole na bila kusita. Tukafika swali la 14, lililomtaka aseme aliridhika kiasi gani na utawala wa enzi ya Nyayo, yaani ya Rais Moi, kuanzia 1 kwa asiyeridhika kabisa hadi 5 kwa aliyeridhika sana. Akatabasamu.

"Alhamdulillahi, mwanangu. Hatukuwa na tatizo. Andika tano."

Nikaandika tano.

Aliyetuajiri alikuwa msomi kutoka ng'ambo, akichunguza namna watu wa Pwani wanavyoikumbuka enzi ya chama kimoja. Tulikuwa wasaidizi sita, wote tumesoma sayansi ya siasa, wote wenyeji. Kazi yetu ilikuwa kupiga hodi, kuuliza na kujaza. Mimi nilijiona nimeiva, kwa sababu nadharia za udikteta nilikuwa nimezihifadhi kama mtoto wa madrasa anavyohifadhi juzuu ya Amma. Nilijua kwamba Juan Linz, mwaka 1964, aliitazama Hispania ya Franco akaona haifanani na Ujerumani ya Hitler wala Urusi ya Stalin. Franco hakutaka kuingia mpaka ndani ya mawazo ya kila mtu. Alitosheka watu wakikaa kimya majumbani mwao. Hapo Linz akautenga utawala wa kimabavu na ule unaotaka kuimeza jamii nzima. Nilijua pia kwamba Barbara Geddes, mwaka 1999, alizigawa tawala za kidikteta katika mafungu: za wanajeshi, za chama na za mtu binafsi, akaonyesha kuwa namna utawala unavyoanguka hufuata fungu lake. Wanajeshi wakifarakana hurudi kambini upesi. Chama hustahimili. Mtu mmoja hung'ang'ania mpaka afe au ang'olewe.

Kenya iingie fungu gani? Tulipokuwa chuo kikuu tulibishana swali hili mpaka taa za ukumbi zikazimwa. Kwa sheria tulikuwa na chama kimoja tangu Juni 1982, Bunge lilipotia Kifungu cha 2A katika katiba, na chama hicho, KANU, kilikuwa kila mahali: alama ya jogoo, kidole kimoja hewani, kadi ya chama iliyoulizwa sokoni na kwenye stendi za matatu na vijana wa chama. Kwa hiyo wengi wetu tulisema ni utawala wa chama. Nilipomuuliza ami swali hilohilo, siku nyingi baadaye, hakufikiri hata kidogo. "Chama kilikuwa kofia tu, mwanangu. Kichwa kilikuwa kimoja."

Lakini nimetangulia mbele ya hadithi yangu.

Enzi ile sikuisoma vitabuni pekee. Nilianza darasa la kwanza 1986. Bendera ikipandishwa tulisimama wima, mkono kifuani, tukakariri kiapo cha utiifu kwa Rais na kwa taifa, Rais akitajwa kwanza. Tulikunywa maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti za pembe tatu, mpango ulioanza 1979. Nilikuwa naikata ncha ya pakiti kwa meno na kuyanywa polepole ili yasiishe. Jioni, taarifa ya habari ya Sauti ya Kenya ilianza na Mtukufu Rais: amesema nini, amefungua nini, amehudhuria ibada wapi. Babangu aliongeza sauti ya redio habari zikianza. Na majirani vivyo hivyo, hata mtaa mzima ukawa unasikiliza redio moja. Mimi nilidhani wanapenda habari. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba sauti ile ilipandishwa ili isikike nje, kwa yeyote apitaye uchochoroni, kuwa nyumba hii inasikiliza.

Mwaka huohuo wa 1986 watu walikuwa wakikamatwa kwa madai kwamba ni wa Mwakenya, kundi la siri la kuipinga serikali, wakateswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House kule Nairobi. Mtoto wa darasa la kwanza hakuyajua hayo. Nilijua maziwa.

Johannes Gerschewski, katika makala ya 2013, aliandika kwamba tawala hizi husimama juu ya nguzo tatu: kukandamiza, kuwavuta watu ndani kwa manufaa, na kujijengea uhalali machoni pa wananchi. Nilipoyasoma hayo niliikumbuka pakiti yangu na nikaona aibu kwa kuipenda. Leo sioni aibu tena. Maziwa yalikuwa matamu na watoto wengi walikuja shule kwa sababu yake. Mtafiti akikataa kukiri kwamba utawala uliotesa watu uliweza pia kutoa kitu kizuri, hataelewa kamwe kwa nini ulidumu miaka 24, na atamwona mpumbavu kila mzee anayeusifu.

Ramadhani ya mwaka uleule wa 2012 nilimpelekea ami kaimati kutoka kwa mamangu. Tulikuwa tumekwisha kuswali Tarawehe, mwenye kahawa amepita na dele lake, na vile vikombe viwili vilikuwa bado mbele yetu. Sikuwa na fomu wala kalamu.

"Ile karatasi yako," akaanza, "ilikuwa ya nani?"

Nikamweleza: ya mwalimu wangu, wa chuo kikuu cha ng'ambo.

"Ilikuwa na nembo."

Kweli ilikuwa nayo. Chuo kile kilikuwa na nembo yenye ngao na simba, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Na nembo ya Jamhuri ya Kenya ni nini kama si ngao na simba? Ami alikuwa amefanya kazi bandarini miaka thelathini, barua zote za serikali zimepita mikononi mwake, na nilipoiweka ile karatasi mapajani aliona alichokizoea kukiona.

"Binti wa rafiki yangu akija na karatasi ya serikali," akasema, "sitamtia matatani yeye, wala sitajitia mimi. Wewe kama ungekuja mikono mitupu ningekwambia."

"Sasa nimekuja mikono mitupu, ami."

Akacheka kidogo. Kisha akanisimulia mlolongo.

Kwa asiyejua: katika uteuzi wa wagombea wake wa 1988, KANU haikutumia kura ya siri. Wapiga kura walipanga foleni uwanjani nyuma ya mgombea wanayemtaka au picha yake, na wakahesabiwa vichwa mchana kweupe. Aliyepata asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, hana haja ya kwenda kwenye uchaguzi wa siri. Kulikuwa na mahali ambapo mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu, na watu wameusimamia wenyewe. Nimeyasoma maelezo ya mlolongo katika makala nyingi, na karibu zote zinazungumzia wizi huo. Ami hakuzungumzia wizi.

"Nilisimama mlolongo mfupi. Tulikuwa watu kama arubaini. Ule mwingine ulizunguka uwanja. Mkubwa wangu wa kazi akapita, akaniangalia, hakusema neno. Akapita tena. Mara ya tatu nikatoka, nikavuka, nikaingia mlolongo mrefu." Akanyamaza, akakizungusha kikombe. "Wajua nakumbuka nini? Hakuna mtu wa mlolongo mfupi aliyegeuka kunitazama. Kila mmoja aliangalia mgongo wa mwenziwe. Wallahi, wangenitukana ningepumzika."

Yule mgombea wa mlolongo mfupi alikuwa jirani. Mpaka anakufa, kila asubuhi alimwitikia ami salamu kama kawaida.

Usiku ule nilirudi kwenye daftari zangu na kila kitu kilisomeka upya. Timur Kuran, mchumi mwenye asili ya Uturuki, alijenga nadharia nzima juu ya jambo hili: mtu huwa na anachokitaka moyoni na anachodai hadharani kwamba anakitaka, na chini ya utawala wa vitisho viwili hivyo huachana. Kila anayeficha msimamo wake humwongezea mwenzake sababu ya kuficha wake, kwa maana mwenzake anapotazama kushoto na kulia haoni ila watu walioridhika. Ndivyo Kuran alivyoeleza kwa nini kuanguka kwa tawala za kikomunisti Ulaya Mashariki mwaka 1989 kuliwashangaza wote, wakiwamo waliokuwa mitaani wakiziangusha. Wahenga wetu walikwisha kusema: kimya kingi kina mshindo mkuu. Kuran alieleza kimya hicho kinatengenezwa vipi.

Ronald Wintrobe, aliyeandika mwaka 1998, aliligeuza swali upande wa pili, akamtazama mtawala mwenyewe. Kadiri anavyoogopwa ndivyo asivyojua ni nani anayempenda kweli. Anaongeza vitisho ili awe salama, na vitisho vinamziba masikio. Yule mkubwa wa kazi aliyepita mara tatu mbele ya ami alijipatia mtu mmoja zaidi katika foleni na akapoteza habari moja muhimu, kwamba mtu huyo hayuko naye. Na mtawala ana la kuogopa hasa. Milan Svolik alihesabu madikteta 303 walioondolewa madarakani kinyume cha katiba kati ya 1946 na 2008, akakuta 205 waliangushwa na watu wa ndani ya serikali zao wenyewe: mawaziri, majenerali, walinzi. Waliong'olewa na umma mitaani ni wachache mno. Kwetu, wanajeshi wa anga walijaribu alfajiri ya 1 Agosti 1982 na wakashindwa, na baada ya hapo kamba ilivutwa mpaka ikakaribia kukatika.

Kesho yake nilimwendea msomi wetu nikamwomba abadilishe jibu la ami, kutoka tano hadi moja. Alikataa. Nilikasirika sana, niliona anathamini jedwali kuliko mtu. Aliniambia hivi: "Ukimsahihisha huyu kwa sababu ni rafiki wa babako na alikupa siri, utawasahihisha vipi wale ambao hawakuwa na kaimati?" Alikuwa sahihi, ingawa ilinichukua miaka kukubali. Ukirekebisha jibu moja tu unalolijua, jedwali lako halikaribii ukweli. Linaegemea upande wa marafiki zako. Kinachotakiwa ni kuitengeneza njia ya kuuliza ili hofu ipungue kwa wote, au angalau ijulikane ni kubwa kiasi gani.

Njia hizo zipo, na hapa ndipo nilipoanza kuiheshimu taaluma hii kuliko zamani. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni ulioanza 1999 na unaohoji watu katika nchi nyingi za Afrika, humwuliza mhojiwa mwishoni kabisa: unadhani ni nani aliyetutuma? Wapo wengi wanaojibu kwamba ni serikali, hata baada ya kuelezwa vingine mwanzoni. Jibu hilo halibadilishi majibu yao mengine, lakini linamwonyesha msomaji wa takwimu ni kwa sikio gani majibu hayo yalitolewa. Swali moja tu, la sekunde kumi. Lingekuwa katika fomu yetu, ami angenijibu "serikali" na ningeijua tano yake ilivyo.

Njia nyingine ni jaribio la orodha. Unawagawa wahojiwa makundi mawili bila mpangilio. Kundi la kwanza unalipa orodha ya majina matatu na kuuliza: unawaunga mkono wangapi katika hawa? Usiniambie ni nani, niambie wangapi tu. Kundi la pili unalipa orodha ileile na jina la mtawala likiongezwa. Hakuna aliyetaja jina, hakuna anayeweza kushikwa kwa kusema "wawili". Lakini ukitoa wastani wa kundi la kwanza katika wastani wa kundi la pili, unapata sehemu ya watu wanaomuunga mkono mtawala. Mwaka 2015 kundi la watafiti lililitumia jaribio hili Urusi kuhusu Vladimir Putin, nao wakakuta kwamba umaarufu wake wa wakati ule kwa sehemu kubwa ulikuwa wa kweli, chini kidogo tu ya ule uliosemwa waziwazi. Matokeo hayo yalinikera nilipoyasoma. Nilitaka hofu ieleze yote. Haielezi yote, na ni lazima nilisome jambo hilo mara kwa mara.

Nilipomweleza ami jaribio hilo, alilielewa kabla sijamaliza. "Hilo ni fumbo," akasema. "Sisi twafumba tangu zamani."

Ni kweli. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Katika baraza lao miaka ya 80, mtu wasiyemjua akikaribia, mmoja alisema "wingu limetanda," na mazungumzo yakageuka kuwa ya bei ya samaki. Asiyejua alisikia wazee wakitabiri mvua. Mashairi ya Mombasa yamekuwa yakisema na watawala kwa mafumbo tangu zama za Muyaka, mshairi wetu wa kale, na mwanafunzi wa tawala za kiimla anayetaka kujua watu walifikiri nini wakati hapakuwa na kura ya siri wala gazeti huru, ana hazina hapa ambayo haijaguswa inavyostahili.

Na wapo waliosema bila kufumba. Hili linaniuma nilieleze. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, aliandika kijitabu cha kuuliza swali la maneno mawili: Kenya: Twendapi? Kwa swali hilo alifungwa miaka mitatu, tangu 1969, utawala wa Kenyatta ukiwa haujatimiza miaka sita. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Gerezani alitunga mashairi akayaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Ali Mazrui, mwanasayansi wa siasa aliyezaliwa Mombasa 1933, alilazimika kuondoka Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu ya Idi Amin, kisha akafundisha Marekani na kuandika juu ya tawala za Afrika maisha yake yote. Alirudishwa kuzikwa 2014 katika makaburi ya ukoo wake, hatua chache kutoka Fort Jesus, ngome ambayo Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Mimi nilipita pale kila siku nikienda shule. Nilihitimu shahada ya sayansi ya siasa nikiweza kuwaeleza watu Hannah Arendt alisema nini juu ya tawala za kiimla mwaka 1951, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kunitajia Abdilatif darasani. Sidai tumwache Arendt. Nadai kwamba mwanafunzi wa Mombasa anayefundishwa kwamba elimu hii ilianza kwa wengine, akihoji wazee wake atawasikiliza kwa sikio nusu, kama nilivyofanya mimi.

Baada ya ile Ramadhani niliacha kubeba faili mkononi. Naliweka mkobani, nakaa, nakunywa kahawa nikipewa, nasema mimi ni binti wa nani, naeleza aliyenituma kabla ya kuulizwa, na nembo zote nimeomba zitolewe kwenye fomu. Hata hivyo niligundua shimo la pili, ambalo ni refu kuliko la kwanza.

Desemba 2002 KANU ilishindwa. Katika sherehe za kumwapisha Mwai Kibaki pale Uhuru Park, Nairobi, umati uliimba kwamba yote yawezekana bila Moi. Waliokuwa wakinyoosha kidole kimoja juzi wakanyoosha viwili. Nilipokuwa nikihoji miaka kumi baadaye, karibu kila mtu aliniambia alikuwa mpinzani tangu mwanzo. Mlolongo mrefu ulikuwa haujasimamiwa na mtu. Kuran ameligusa hili pia: utawala ukianguka, watu huukumbuka upya moyo wao wa zamani, wakauona ulikuwa na uchungu mwingi kuliko uliokuwa nao. Hofu hupotosha jibu mtawala akiwapo, na fahari hulipotosha akishaondoka. Kwa hiyo sasa sina imani ya moja kwa moja na yule anayesema "tuliridhika" wala na anayesema "tulipinga". Namwuliza alisimama wapi, siku gani, karibu na nani. Mtu huweza kuusahau moyo wake ulivyokuwa, lakini hasahau alisimama nyuma ya nani.

Mama mmoja nilimkuta Changamwe, mwuza mboga, mwenyeji wa bara aliyeishi Likoni mpaka Agosti 1997. Usiku wa tarehe 13 mwezi huo kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika siku zilizofuata watu zaidi ya 100 waliuawa na maelfu ya watu wa bara wakafukuzwa majumbani mwao, miezi minne kabla ya uchaguzi. Katika elimu yetu kipindi hicho kina jina. Steven Levitsky na Lucan Way wanakiita utawala wa kimabavu wenye ushindani: vyama vingi vipo, kura zinapigwa, upinzani unaweza hata kushinda, lakini uwanja umeinamishwa upande mmoja. Kenya ni miongoni mwa mifano yao, na maelezo yao ni mazuri. Yanaeleza jinsi Moi alivyoshinda 1997 kwa asilimia 40 hivi tu, upinzani ukiwa umegawanyika. Nilimwuliza yule mama kama alipiga kura mwaka ule.

"Dada, tulikuwa tumelala kanisani. Kadi yangu iliungulia ndani ya nyumba."

Katika fomu kulikuwa na visanduku viwili: alipiga, hakupiga. Nikaweka alama "hakupiga", pamoja na wale waliolala tu siku ile.

Ami na mimi tuliendelea kuzungumza kila nilipofika Kibokoni. Alinisimulia Agosti 1978, Mzee Kenyatta alipofariki usiku katika Ikulu ya hapahapa Mombasa. Miaka miwili kabla, Mwanasheria Mkuu alikuwa ameonya hadharani kwamba hata kuwazia kifo cha Rais ni uhaini. Sasa Rais amekufa kweli, ng'ambo tu ya mji, na minong'ono imefika gatini kabla redio haijatangaza. "Kila mmoja alijua," ami aliniambia, "lakini hakuna aliyekuwa na hakika kwamba mwenziwe ajua. Tulihesabu magunia asubuhi nzima hatutazamani machoni." Wasomi wana kurasa nyingi za hesabu kuhusu tofauti hiyo, kati ya jambo linalojulikana na kila mtu na jambo ambalo kila mtu anajua kwamba wote wanalijua. Yeye aliijua tangu gatini.

Na aliniambia jambo ambalo sikulitarajia. Desemba ya mwaka ule Rais mpya aliwaachilia wafungwa wote wa kisiasa waliokuwa kizuizini, Ngũgĩ wa Thiong'o akiwa mmoja wao. Ami alilia kwa furaha, akamchinjia mbuzi jirani yake aliyekuwa akiwahofia wafungwa hao. Baadaye yakaja maziwa ya watoto. "Nilimpenda yule mtu," akasema. "Hilo nalo uliandike."

Siku moja aliniomba ile fomu yenye maswali aisome mwenyewe, bila kuulizwa. Nilikuwa na nakala tupu nyumbani, ya zamani, ile yenye simba. Nikampelekea. Aliisoma ukurasa kwa ukurasa kama anayekagua hati ya mizigo, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu, akasema atanirudishia. Sikumkumbusha.

Alifariki 2021. Siku ya hitima bintiye aliniita chumbani akanipa bahasha yenye jina langu. Fomu ilikuwa imejazwa yote kwa wino wa buluu. Katika swali la 14 palikuwa na alama mbili, na fomu ya namna hiyo, tulivyofundishwa, huwekwa kando kuwa imeharibika. Kando ya 5 ameandika kwa mwandiko wake mdogo wa kikarani: 1978. Kando ya 1: 1988.